Maswali ya Wasomaji: SOP zina saini, lakini kila mtu anafanya lake

*Maabara ya kituo chetu ina faili la SOP (miongozo ya maandishi ya hatua za kazi) zilizonakiliwa kutoka hospitali kubwa. Zote zimesainiwa, lakini slaidi za malaria (vioo vyenye damu ya kuchunguzwa) kila mpimaji anazipaka rangi kwa namna yake, na wakati wa mvua damu nene (tabaka nene la damu kwenye slaidi) inabanduka. Tuandike upya zote? – Mpimaji, Newala*

Zote, hapana. Anzeni na hiyo ya slaidi. SOP ya kunakili inaeleza maji na vifaa vya wenzenu, ndiyo maana hakuna anayeifungua.

Iandikeni mezani: mmoja afanye kazi, mwingine aandike anachokiona. “Ongeza rangi kiasi” haimsaidii mtu. Andikeni: “Changanya mililita 1 ya rangi ya Giemsa na mililita 9 za maji yenye bafa, pH 7.2. Paka kwa dakika 10.” Bafa hushikilia pH, yaani kiwango cha asidi au alkali. Rangi ichanganywe kila siku, iliyolala imwagwe. Mkitumia maji ya mvua ya tangi, pimeni pH kwanza: yakiwa na asidi slaidi huwa nyekundu mno, yakiwa na alkali huwa buluu, na vimelea havitofautiki vizuri.

Damu nene hubanduka kwa sababu haijakauka, slaidi ina mafuta, au tone ni zito. Mikrolita 6 zitandazwe duara la milimita 12. Slaidi mbichi ikiwekwa juu ya gazeti, maandishi yasomeke. Hewa ikiwa na unyevu, ipeni muda, ikae bapa na ikingwe nzi, maana wanakula damu. Msiiharakishe kwa moto: joto huigandisha damu kwenye kioo, hemoglobini (chembe za rangi nyekundu ya damu) haitoki, na msomaji anabaki na ukungu mtupu. Methanoli nayo huigandisha damu, kwa hiyo iguse damu nyembamba (tabaka jembamba) tu, hata mvuke wake usiifikie nene. Sababu hizi ziandikeni chini ya hatua yake. Anayejua kwa nini haruki hatua.

Kwenye kusoma, wekeni wazi: viwanja 100 (maeneo yanayoonekana kwa darubini kwa mtazamo mmoja) vya lenzi ya mafuta kabla ya kuandika “hakuna vimelea”. Foleni ikirefuka, hapo ndipo watu hukatiza, na mgonjwa mwenye vimelea vichache anarudishwa nyumbani bila dawa.

Kisha mpeni SOP mwenzenu ambaye hakuiandika, aifuate bila kuuliza. Anaposita, rekebisheni sentensi hiyo. Namba ya toleo, tarehe na saini vije mwisho, na karatasi ya zamani ibanduliwe ukutani siku hiyohiyo.

*Tumeletewa vipimo vya haraka vya malaria vya chapa nyingine. SOP ya zamani inatosha? – Lindi*

Haitoshi. Matone ya bafa (kimiminika cha kipimo) na dakika za kusubiri hutofautiana kati ya chapa. Fuateni karatasi iliyomo kwenye boksi na mbadilishe SOP kabla ya kumpima mgonjwa wa kwanza. Saa ya ukumbusho iwe mezani: kipimo kilichosahauliwa kinaweza kutoa mstari hafifu usio wa kweli, na hicho kirudiwe.