Chewa na papa wa kuachiwa: mambo ya kufanya kabla hajafika ubavuni

Samaki mkubwa unayetaka kumrudisha baharini huanza kuokolewa nchi kavu, unapofunga ndoana. Funga ya duara, ile ambayo ncha yake imejikunja kuelekea shina. Samaki akiimeza, huteleza hadi pembe ya mdomo na kunasa hapo, haizami tumboni. Sharti lake moja: usishtue mshipi. Mwache aende na chambo, kisha kaza taratibu. Kile kijino cha nyuma ya ncha kibane kwa koleo mpaka kilale. Ndoana isiyoshika kutu iache dukani; ikibidi ukate waya, ya chuma cha kawaida italiwa na chumvi hadi idondoke.

Mshipi mwembamba kwa papa ni ukatili. Akivutana nawe saa mbili, misuli yake hujaza damu tindikali. Ataondoka akiogelea, nanyi mtafurahi, kisha atafia chini msikomwona. Tumia mshipi mzito, umalize mapema. Wakati wa kaskazi harakisha zaidi, kwa sababu maji ya moto hubeba oksijeni kidogo.

Akifika ubavuni, abaki majini. Hakuna kulabu, hakuna vidole kwenye matamvua, hakuna kumning'iniza kwa mkia: papa hana mbavu za kushikilia viungo vya ndani, na uzito wake mwenyewe humuumiza. Picha ipigwe akiwa majini. Akilegea, mwelekeze kichwa penye mkondo au sogeza boti polepole, maji yaingie mdomoni yatokee kwenye matamvua. Usimvute kinyumenyume. Mkia ukianza kupiga wenyewe, mwachie.

Chewa ana tatizo jingine. Anapopanda kutoka kilindini, hewa ya kibofu chake hutanuka. Macho hutoka, na kifuko chekundu hujitokeza mdomoni. Wengi hukitoboa wakidhani ni kibofu. Hilo ni tumbo, limesukumwa nje. Usiliguse. Mrudishe chini haraka: chukua ndoana kubwa isiyo na kijino, funga kamba imara kwenye kona yake, na chubwi zito kwenye tundu lake, kilo kadhaa kulingana na ukubwa wa samaki. Ndoana sasa imepinduka, ncha inatazama chini. Ipitishe kwenye mdomo wa chini, mshushe hadi karibu na kina alikotoka, kisha vuta kamba juu kwa mkupuo mmoja. Ndoana itachomoka. Chubwi jepesi halitafaa, ataelea nalo.

Silikanti, samaki wa kale wa kilindini, ni habari nyingine. Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga ilianzishwa 2009 kwa ajili yake, na nje ya Mwambani na Kigombe kilindi hakiko mbali na pwani. Tanga wengi wamenaswa na majarife ya kina, lakini Komoro wamekuwa wakipatikana kwa mshipi wa usiku, maana mchana hukaa mapangoni na usiku hutoka kuwinda. Huyu chubwi halimsaidii: kibofu chake kimejaa mafuta, si hewa. Kinachomwua ni uchovu pamoja na joto la maji ya juu, na mara nyingi hafi papo hapo, hufa baada ya saa chache. Kwa hiyo usiku, kwenye miteremko ya mawe, mshipi ukipita mita 70, pandisha chubwi na uhamie maji mafupi.