Je, kifaa cha kufuatilia macho kinaweza kuthibitisha kuwa shahidi anasema kweli?

SWALI: Dada yangu ni wakala wa M-Pesa hapa Kondele, Kisumu. Aliporwa na mtu aliyeshika panga. Panga analieleza mpaka utepe mweusi uliozungushwa kwenye mpini, lakini uso wa mwizi haukumbuki vizuri. Wakili wa mshtakiwa anasema anabuni. Je, apimwe macho kwa mashine ili aaminiwe?

JIBU: Mpe pole dada yako. Mashine hiyo haitamsaidia kwa namna unayofikiria.

Kifaa humulika jicho kwa mwanga wa infraredi, ambao hatuuoni. Kamera inanasa mng'ao wake kwenye konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, pamoja na kitovu cha mboni, kisha kompyuta inakokotoa mtu anatazama wapi. Vifaa vya kasi hupiga picha 1,000 kwa sekunde. Kinachopatikana ni njia ya macho tu: yalitua wapi, kwa muda gani, yakarukia wapi. Uongo hausomeki hapo. Hata mboni ikitanuka, si dalili ya uongo: hutanuka kwa hofu, kwa kuwaza sana, hata taa ikififia. Na ile imani kwamba mwongo huangalia juu kulia ilipimwa na mwanasaikolojia Richard Wiseman na wenzake mwaka 2012, wakaikuta haina msingi.

Lakini kifaa hichohicho kimetufundisha jambo linalomhusu dada yako moja kwa moja. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Elizabeth Loftus na wenzake waliwaonyesha watu picha za mteja mbele ya keshia. Kundi moja lilimwona ameshika bastola, jingine ameshika hundi. Macho yalitua kwenye bastola mara nyingi zaidi, na kwa muda mrefu zaidi, kuliko kwenye hundi. Silaha huvuta macho, uso ukabaki bila kutazamwa vya kutosha. Kwa hiyo kukumbuka utepe na kusahau uso si dalili ya kubuni, na inaniuma shahidi anapodhalilishwa kwa hilo.

Mwambieni mwendesha mashtaka afikirie kumwita mwanasaikolojia aieleze mahakama jambo hili. Kifungu cha 48 cha Sheria ya Ushahidi kinaruhusu maoni ya wataalamu. Mtaalamu huyo hatasema dada yako alimwona nani; ataeleza tu jinsi silaha inavyovuta macho.

Nyumbani, tafadhali, msimwonyeshe picha za mshtakiwa kwenye simu wala msimkumbushe uso. Akiulizwa asichokikumbuka, aseme tu, "Sikumbuki."