Maumivu ya mtoto: nisome nini, nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo Sista. Mimi ni afisa tabibu katika hospitali ya wilaya, Kanda ya Ziwa. Wodi yetu inapokea watoto wenye selimundu, wenye mtindio wa ubongo, na wa saratani ambao hospitali kubwa imewarudisha nyumbani. Semina niliyohudhuria ya tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza maumivu na mateso ya ugonjwa mzito, ilihusu watu wazima tu. Morfini ya maji, ile dawa kali ya maumivu, ipo famasi, ila naogopa kumwandikia mtoto. Kuna kozi au vitabu gani vya bure kuhusu tiba shufaa kwa watoto? Na je, niombe ruhusa nikasome digrii?

JIBU: Marahaba, Daktari. Digrii tuiache kwanza, maana wagonjwa wako wako wodini leo.

Anza na kupima maumivu, hata kabla ya kujiandikisha kozi yoyote. Kwa mtoto asiyeweza kujieleza kuna kipimo cha FLACC. Unaangalia mambo matano: uso, miguu, mwili unavyojongea, kilio, na kama anabembelezeka. Kila kimoja kina alama 0 hadi 2, jumla 10. Ni ukurasa mmoja, uchapishe ubandike kwenye meza ya wauguzi. Kwa mwenye mtindio wa ubongo, muulize mama kwanza hali yake ya kawaida ikoje, kwa sababu miguu iliyokakamaa inaweza kuwa ndivyo alivyo siku zote. Anayejieleza, kuanzia miaka minne au mitano, mpe kipimo cha nyuso. Mimi napendelea kile chenye nyuso sita zisizo na tabasamu wala machozi. Ukimwonyesha mtoto wa kiume wa miaka tisa uso unaolia, atakwambia yeye halii, na hapo umekosa jibu.

Sasa vitabu, na hapa ndipo penye mtego. Nakala za PDF zinazozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ni za miaka tofauti, na mwaka una maana kubwa. Ngazi tatu za dawa za maumivu ulizofundishwa, yaani panado, kisha kodeini, kisha morfini, kwa watoto hazitumiki tena. Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa mwongozo wa watoto wenye ngazi mbili, kodeini ikaondolewa. Ini ndilo huigeuza kodeini kuwa morfini, na kasi ya kuigeuza inatofautiana mno kati ya mtu na mtu: mmoja hapati nafuu yoyote, mwingine anaigeuza haraka hadi pumzi inashuka. Watu wa kundi hili la pili ni wengi zaidi upande wa Ethiopia kuliko sehemu nyingi za dunia, kwa hiyo jambo hili si la Wazungu peke yao. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza kodeini isitumike kwa maumivu ya watoto wa chini ya miaka 12.

Halafu mwongozo huohuo wa 2012 nao WHO iliuondoa mwaka 2019, baada ya ripoti iliyotolewa na wabunge wa Marekani kudai kwamba kampuni za dawa zilikuwa na mkono katika miongozo hiyo. Wapo waliotafsiri kwamba morfini imekatazwa kwa watoto. Haijakatazwa, imo katika orodha ya WHO ya dawa muhimu za watoto, na mwongozo mpya wa 2020 kuhusu maumivu sugu ya watoto unairuhusu kwa wenye magonjwa yanayofupisha maisha, ikitolewa na mhudumu aliyefunzwa. Pakua huo wa 2020, pamoja na ule wa 2018 wa kuingiza tiba shufaa katika huduma za watoto. Vyote ni bure.

Kwa dozi, tumia kitabu cha dawa cha madaktari wa tiba shufaa ya watoto wa Uingereza, APPM Master Formulary. Nacho ni bure, na kinapanga dozi kwa umri na kwa uzito. Nusu ya dawa zilizomo hutaziona famasi kwako, usijali. Sitaandika dozi hapa, kwa sababu dozi iliyonakiliwa bila uzito na umri wa mtoto ndiyo inayoua, hasa kwa walio chini ya miezi sita. Nitakuonyesha tu kosa la kuliepuka. Morfini ya maji hutengenezwa kwa nguvu tofauti. Kuna ya miligramu 1 kwa mililita, na kuna ya miligramu 10 kwa mililita. Ukitaka miligramu 2, ya kwanza ni mililita 2, ya pili ni mililita 0.2. Mama aliyezoea kuvuta mililita 2, akipewa chupa yenye nguvu siku ya kujaziwa dawa, atampa mwanawe miligramu 20. Basi andika miligramu na mililita zote mbili, weka alama kwenye bomba la sindano, na mwambie avute mbele yako. Na kwa kuwa morfini hufunga choo, dawa ya kulainisha choo ianze siku hiyohiyo.

Kozi za kuanzia ni za Mtandao wa Kimataifa wa Tiba Shufaa kwa Watoto, ICPCN. Zinasomwa mtandaoni bila malipo: maumivu, mawasiliano, ukuaji na michezo, siku za mwisho, msiba. Usianze na zote. Soma ya maumivu ukiwa na mtoto halisi wodini, ndipo uende ya mawasiliano. Kuna pia kitabu kilichohaririwa na Justin Amery, Children's Palliative Care in Africa, cha 2009, kinachopatikana bure. Kimeandikwa kwa mazingira yetu, na sura zake za kuzungumza na mtoto na familia bado sijaona za kuzizidi. Dozi zake ziache, umeshaona mwaka.

Shida ni kwamba nyingi ya nyenzo hizi ziko kwa Kiingereza, na mtoto wako hatakuuliza kwa Kiingereza. Atakuuliza, “Nitapona lini?” bibi yake akiwa pembeni anakukonyeza useme “karibuni tu”. Kozi zitakufundisha uulize kwanza anachojua. Lakini maneno uyatafute mwenyewe: “Wewe unaonaje mwili wako siku hizi?” kisha unyamaze. Fanyeni mazoezi wawili wawili na mwenzako wa zamu, mmoja awe mtoto. Mtacheka mwanzoni.

Kuhusu digrii, subiri. Taasisi iliyoko ndani ya Hospice Africa Uganda, Kampala, inafundisha tiba shufaa kwa kiwango cha digrii, na kwa afisa tabibu nadhani panakufaa kuliko Ulaya: Uganda ilibadili kanuni mwaka 2004 ili wauguzi na maafisa tabibu waliosomea fani hii waandike morfini, hivyo utafundishwa na watu wa kada yako. Chuo Kikuu cha Cardiff nchini Uingereza kina shahada ya uzamili ya tiba shufaa, ada yake ni ya kutafutiwa mfadhili. Kabla ya hayo, omba wiki chache za kukaa na timu inayohudumia watoto wenye saratani Muhimbili au Bugando, uone raundi zinavyokwenda. Na mfamasia wako akuambie ni nani anayeruhusiwa kusaini morfini hapo kituoni; kama si wewe, mwenye saini ashirikishwe kwenye mafunzo tangu sasa, la sivyo utarudi na cheti huku chupa ikiwa imefungiwa kabatini.