Kila mmoja alete kanzu yake

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: "Mchungaji aliyetulea amefariki. Tumkumbukeje ili asiishie kuwa picha ukutani?" Wengi watajibu jiwe la kaburi, ukumbi wenye jina lake, ibada ya kila mwaka. Hayo yote yanaweza kusubiri. Visivyosubiri ni sauti yake, karatasi zake, na watu aliokuwa bado amewashika mkono wiki aliyofariki. Hivyo huanza kupotea siku ya mazishi yenyewe, vyumba vinapofagiliwa kupokea wageni.

Matendo ya Mitume 9:39 inaonyesha jinsi ya kumkumbuka mtu. Dorkasi amekufa Yafa, Petro ameitwa, wajane wamemzunguka wakilia. Hawakumhutubia juu ya ukarimu wa marehemu. Walimwonyesha kanzu na nguo alizozishona alipokuwa nao. Kumkumbuka mlezi ni kazi hiyo hiyo, kila mmoja alete kanzu yake. "Alikuwa mtu wa watu" si kanzu. "Kila hotuba ya mwanafunzi aliirudisha ikiwa imepigwa mstari chini ya neno ambalo bibi wa benchi la mwisho asingelielewa": hiyo ni kanzu, unaweza hata kuivaa.

Anzeni na karatasi. Familia na kanisa wakubaliane juu ya mtu mmoja wa kushika ufunguo wa chumba chake cha kusomea, na wa pili awe shahidi. Kisha kila kitu kigawanywe mafungu matatu, kwa kutazama kichwa cha karatasi tu. La kwanza ni mali ya kanisa: madaftari ya ubatizo, kipaimara na ndoa, mihutasari ya vikao, vitabu vya fedha, mihuri. Hivi hurudi ofisini kwa orodha iliyosainiwa na pande zote mbili, na nakala hubaki kwa familia. Mihuri isiachwe nje ya orodha, maana muhuri uliosahauliwa kwenye droo unaweza kugonga barua miezi mingi baada ya mwenyewe kuzikwa.

Fungu la pili ni siri za watu: barua za wanandoa waliokuwa wakigombana, madaftari ya ushauri, karatasi za waliokuja usiku kulia. Hizi hazisomwi, hazipigwi picha, na haziingii kwenye kumbukumbu yoyote hata kama zinamwonyesha marehemu akiwa katika ubora wake. Zifungwe kwenye bahasha zipelekwe kwa mkubwa wake wa kikanisa, ambaye ndiye ataamua kuziharibu au la. Kwa Wakatoliki jambo hili ni zito zaidi. Siri ya kitubio haikomi kwa kifo, na kanuni ya 983 ya sheria ya Kanisa inamfunga pia mtu mwingine yeyote aliyepata kujua dhambi kutokana na maungamo, kwa njia yoyote ile.

Fungu la tatu ni mahubiri, shajara, barua za kawaida na picha. Hili kwa kawaida ni la familia, na ndilo linalozaa ugomvi, kwa sababu watu huchanganya karatasi na maneno yaliyomo. Barua aliyokuandikia, karatasi ni yako. Hakimiliki ya maneno ni ya warithi wake. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, unaweka kima cha chini cha miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi, na nchi nyingi zimefika 70. Kamati inayotaka kuchapa mahubiri yake ipate kwanza ruhusa ya maandishi. Kumpenda marehemu hakumpi mtu ruhusa ya kumchapa.

Sasa sauti, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo watu wenye nia njema huharibu zaidi. Mahubiri ya zamani mara nyingi yamo kwenye kanda. Kabla ya kuzicheza, vunjeni vile vijipande viwili vya plastiki vilivyo ukingoni mwa kanda, upande wa pili wa pale utepe unapoonekana. Vikishavunjwa redio haiwezi kurekodi juu yake kwa bahati mbaya. Tazameni utepe: ukiwa na unga mweupe au harufu ya ukungu, usiingizwe kwenye redio, kwa sababu ukungu utahamia kwenye kichwa cha kusomea na kutoka hapo kwenda kanda nyingine zote. Iwekeni kando ishughulikiwe na fundi. Kanda iliyolala miaka mingi izungushwe mbele hadi mwisho kisha irudishwe mwanzo, ili mkazo wa utepe ulingane. Isipofanywa hivyo sauti huyumba au utepe huliwa. Kanda ya dakika 60 ina 30 kila upande, na utepe wake ni mzito kuliko ule wa dakika 120, ambao hukatika kwa urahisi, kwa hiyo hizo ndefu zishughulikieni kwa mkono mwepesi na zisirudishwe nyuma mara kwa mara.

Unganisheni redio na kompyuta kwa waya. Kuweka simu mbele ya spika hunasa mwangwi wa chumba na mlango unaofungwa. Hifadhini katika faili la WAV, lisilobana sauti, ambalo kwa ubora wa kawaida wa CD huchukua takribani megabaiti 10 kwa dakika, yaani kama 600 kwa saa. Baada ya hapo tengenezeni MP3, faili ndogo zilizobanwa, za kugawia watu. Anayeanza na MP3 na kuitupa kanda amebaki na kivuli. Nakala ziwe tatu, kwenye vifaa vya aina mbili tofauti, na moja ikae nyumba nyingine kabisa. Flashi moja iliyo mfukoni mwa katibu haihesabiki kuwa hifadhi.

Simu yake ni sanduku jingine la kanda. Laini isiyotumika kwa muda hufungwa na mtandao, na namba inaweza kupewa mtu mwingine. Kwa hiyo isiachwe ife kabla warithi hawajaamua. Jumbe za sauti alizowatumia ninyi mnazo tayari. Zihamisheni kutoka kwenye maongezi ziwe faili, zikiwa na tarehe na jina la aliyepokea. Picha zitumwe kama faili, kwa sababu zikipita kwenye kundi kama picha za kawaida hupunguzwa ukubwa na kupoteza ubora. Za karatasi zichanganuliwe kwa skana kwa nukta 300 kwa inchi, zile ndogo za pasipoti kwa 600. Majina yaandikwe nyuma kwa penseli laini, kutoka kushoto kwenda kulia. Wino wa kalamu hupenya mbele na kuacha alama usoni mwa mtu.

Kisha walio hai. Nendeni kwanza kwa wazee kuliko wote, hata kama mwenyekiti wa kamati ndiye mwenye maneno mengi. Saa moja hadi moja na nusu inatosha, mzee asichoshwe. Simu ya kurekodia iwe kwenye hali ya ndege, umbali wa shubiri moja na nusu kutoka mdomoni, na ya pili irekodi pia. Elezeni mwanzoni rekodi itakwenda wapi, na jibu la kukubali lisikike kwenye rekodi yenyewe. Swali "Alikuwa mtu wa namna gani?" litaleta sifa zile zile zilizosomwa kaburini. Ulizeni: Alipokukemea mara ya mwisho alisema nini hasa? Alipokuja msibani kwenu alikaa wapi, na alinyamaza muda gani kabla ya kusema? Ulipomletea uamuzi mgumu, alikuuliza swali gani kwanza? Mlezi wa kweli hukumbukwa kwa maswali yake kuliko majibu yake, na walelewa wake kumi wakitaja swali moja bila kusikilizana, mmeipata njia yake ya kulea.

Tarehe msizichukue vinywani. Watu watatu wakikubaliana juu ya mwaka, huenda wote waliusikia kwa mtu mmoja. Hati ya upadrisho au ya kubarikiwa uchungaji, barua ya uhamisho na daftari la ubatizo ndizo zinazokata shauri. Kuna mitego inayojirudia: tarehe ya ushemasi huandikwa kuwa ya upadre, na ya barua ya uhamisho huandikwa kuwa ya kuripoti, ilhali katikati huweza kupita miezi. Kwenye daftari la ubatizo, saini ya kwanza na ya mwisho ya mkono wake zinaonyesha alihudumu hapo lini, na hakuna anayebishana na saini.

Wasifu wa kusomwa ibadani ni kitu kingine na usibebeshwe haya yote. Msomaji asiyekimbia husoma maneno kama 100 kwa dakika, kwa hiyo dakika tano ni maneno 500. Kuzaliwa, elimu, vituo vya utumishi na ugonjwa vikitengewa 250, zinabaki 250 za kanzu mbili au tatu. Kinachouharibu ni orodha ya kamati alizokalia. Aliyetajwa humo asomewe kabla, na jina la kila mlelewa litajwe kwa idhini yake.

Jambo linalosahauliwa kuliko yote ni watu aliowaacha njiani. Mlezi huwa na kijana anayetafakari wito, wachumba waliobakiza vipindi viwili vya mafundisho, mlevi aliyekuwa akimpigia simu kila Ijumaa, mtoto aliyekuwa akimlipia ada bila mtu kujua. Hawatajitokeza wenyewe, na wengine wataona aibu. Tafuteni dalili kwenye kalenda yake ya mezani na stakabadhi za malipo zilizokunjwa ndani ya vitabu. Mtu mmoja mwenye kinywa kizito apewe orodha hiyo na kumtafutia kila mmoja wa kumpokea ndani ya mwezi. Orodha isisomwe kwenye kikao. Aliyesaidiwa kwa siri akitangazwa kwa heshima ya marehemu, heshima hiyo imelipwa kwa aibu yake.

Mfuko wa elimu wenye jina lake ni wazo jema linalokufa mapema, na hesabu ndiyo huuua. Mfuko unaotumia asilimia 4 hadi 5 ya mtaji kila mwaka unahitaji mtaji wa mara 20 hadi 25 ya ada ya mwaka ya mwanafunzi mmoja. Msipokuwa nao, msiuite mfuko wa kudumu. Changeni ada ya mtoto mmoja hadi amalize, ndipo mchukue mwingine. Kuanza na watoto watano na kuwaacha darasani mwaka wa pili ni kuwaumiza kwa jina la mtu aliyewapenda. Watia saini benki wawe watatu, wawili wakitosha kutoa fedha, na mmoja asiwe ndugu yake.

Jiwe: maandishi yachongwe, yasipakwe rangi tu, na watu watatu wayasome kabla ya fundi kuanza. Ibada ya mwaka: ulizeni kwanza kalenda ya liturujia, kwani kwa Wakatoliki Misa ya mazishi, kwa mfano, haiadhimishwi Jumapili za Majilio, Kwaresima na Pasaka, na kumbukumbu za mwaka nazo zina masharti yake.

Kasoro zake pia ziingie: hasira za asubuhi, kuchelewa, ubishi wake na kwaya, mara alizorudi kuomba radhi na maneno aliyotumia. Mlelewa anayepewa mlezi asiyewahi kukosea hana cha kuiga. Ila kukitokea mtu mwenye lalamiko zito la kudhulumiwa naye, simamisheni sherehe na mpelekeni kwa mamlaka husika. Sifa za marehemu zisitumike kumziba mtu mdomo.

Mwisho ni Biblia yake na mavazi. Paulo, katika 2 Timotheo 4:13, anaagiza joho lake na vitabu, kwa hiyo si tamaa kuviulizia. Stola na kanzu zilizonunuliwa na kanisa zirudi kanisani, zake mwenyewe zifuate wosia. Biblia hugombewa na watu wengi, nayo ni moja. Kabla haijakabidhiwa kwa yeyote, pigeni picha kila ukurasa wenye alama ya penseli, pamoja na vikaratasi vilivyomo, kila kimoja kikipigwa pale pale kilipokuwa, kwa sababu kikishahamishwa hakuna atakayejua kilikuwa kimewekwa kwenye mstari gani. Picha hizo zikae pamoja na kanda. Biblia yenyewe apewe aliyetajwa kwenye wosia.