Kuutafuta mrobinia kwa ajili ya kuni

Mrobinia, mti ambao wanasayansi huuita Robinia pseudoacacia, hutoa kuni ambazo nazipenda kuliko za mti mwingine wowote niliowahi kuukata, lakini ni mti unaomtaka mtu aufahamu kabla hajabeba msumeno. Asili yake ni milima ya Appalachia na nyanda za juu za Ozark nchini Marekani. Ulifika Ulaya mwanzoni mwa karne ya 17, na leo nchini Hungary umechukua takribani robo ya eneo lote la misitu. Kwa kuwa ni wa jamii ya mikunde na hujipatia naitrojeni mizizini kwa msaada wa bakteria, huota hata pale ambapo udongo umechoka: kwenye mashamba yaliyotelekezwa, kando ya reli, kwenye kingo za barabara na juu ya vifusi vya machimbo. Ndiyo maana naamini kwamba kinachowakosesha watu kuni hizi si uhaba wa miti, bali ni kuanza kuitafuta baada ya baridi kuingia, wakati ambapo mashina yote ya msituni hufanana machoni pa asiyezoea.

Wakati wa kuitafuta ni wakati wa maua. Mwezi Mei, na penye baridi kali mwezi Juni, mrobinia huning'iniza vishada vya maua meupe yenye harufu nzito inayovuta nyuki kutoka mbali, na kwa muda wa siku kumi hivi hakuna mti mwingine unaoweza kufananishwa nao ukiutazama kutoka barabarani. Siku hizo mimi huzunguka bila shoka wala msumeno, nikiwa na daftari tu, na kila ninapoona weupe ule juu ya kichaka naandika mahali, jina la mwenye ardhi kama nalijua, na iwapo gari linaweza kukaribia. Ukiupata mmoja, usiondoke haraka, kwa sababu mti huu hutoa machipukizi kutoka kwenye mizizi inayotambaa, na mara nyingi kichaka kizima huwa kimetokana na mti mmoja. Ingia ndani yake ukatafute mashina yasiyo na maua wala majani, kwa kuwa hayo ndiyo yaliyokufa yakiwa yamesimama, na ndiyo utakayoyarudia.

Kuna mitego miwili katika kuutambua mti uliokufa. Mrobinia huchelewa sana kuchanua majani, kiasi kwamba mwezi Aprili, wakati miti ya jirani imekwisha kuwa ya kijani, wenyewe bado uko mtupu, na mtu mwenye haraka huuhesabu kuwa umekauka. Mtego wa pili huja mwishoni mwa kiangazi, hasa huko kwenye asili yake Marekani, ambako mdudu mdogo anayekula nyama ya jani kutoka ndani huyafanya majani yawe ya kahawia, na kilima kizima kikaonekana kana kwamba kimepitiwa na moto. Miti hiyo haijafa, na mingi itachanua tena mwaka unaofuata. Kwa sababu hiyo huwa siweki alama ya mti mkavu kwa kutegemea majani ya Aprili au ya Agosti. Nautazama Juni, au nabandua kidogo gome la tawi kwa kisu nione kama chini yake kuna ubichi.

Aliyekosa msimu wa maua bado ana njia. Gome la mti mkubwa ni nene, lenye rangi ya kijivu inayoelekea kahawia, na limechimbika mifereji mirefu ambayo kingo zake hukutana na kuachana kama kamba zilizosokotwa. Kwenye matawi machanga kuna miiba mifupi inayokaa miwili miwili, mmoja kila upande wa mahali jani linapochipukia. Wakati wa baridi maganda yake bapa ya kahawia, yenye urefu wa kati ya sentimita 5 na 10, hubaki yamening'inia matawini, na upepo ukivuma utayasikia yakichakarika. Usiuchanganye na Gleditsia triacanthos, ambao una miiba mirefu yenye matawi inayotoka hata kwenye shina lenyewe, na maganda yake yaliyojipinda huweza kufika sentimita 30 na zaidi. Nao ni kuni nzuri, ila si mti tunaouzungumzia hapa.

Penye shaka, kata kipande cha tawi nene. Mrobinia una ukanda mwembamba sana wa mbao nyeupe chini ya gome, na ndani yake moyo wenye rangi ya manjano inayoelekea kijani, ambao huzidi kuwa wa kahawia kadiri unavyokaa hewani. Mforsadi nao una moyo wa manjano, na magogo ya miti hii miwili yakiwa yamelala kwenye rundo moja huweza kumbabaisha hata mzoefu. Hapo natumia tochi ndogo ya mwanga wa urujuanimno, ile ya kukagulia noti: ukiimulika mbao ya mrobinia iliyokatwa karibuni gizani, hung'aa kwa rangi ya manjano kali inayoelekea kijani, ilhali ya mforsadi haing'ai. Nakiri kwamba kwa mtu anayetaka kuni tu jambo hili ni la anasa, lakini linapendeza kulitazama.

Kabla ya kukata, pata ruhusa ya mwenye ardhi, na ikiwezekana iwe ya maandishi. Katika misitu ya taifa ya Marekani, kwa kawaida hutakiwa kibali cha kukusanya kuni, na kibali hueleza ni miti ipi inayoguswa na ipi isiyoguswa. Kwa ardhi ya watu binafsi, uzoefu wangu ni kwamba wengi hukubali upesi, kwa kuwa mti huu huvamia malisho na mashamba yao. Wafugaji wa farasi hukubali upesi zaidi, kwa sababu gome, majani na mbegu zake vina sumu, na farasi aliyefungwa karibu nao akatafuna gome huweza kuugua vibaya. Ukikata katika shamba la namna hiyo, ondoa kila tawi na kila kipande cha gome siku hiyo hiyo.

Mti uliokufa ukiwa umesimama ndio bora, lakini si kila uliokufa unafaa. Moyo wa mrobinia hauozi kwa urahisi, na ndiyo sababu nguzo za uzio za mti huu hudumu ardhini kwa miongo mingi. Hata hivyo mti ukiwa hai hushambuliwa na mdudu anayetoboa mashina, na kupitia matundu hayo huingia kuvu anayeozesha moyo kutoka ndani. Dalili yake ni uyoga mgumu kama ubao, mweusi na wenye nyufa juu, unaojitokeza ubavuni mwa shina. Uyoga mmoja ulio juu haumaanishi kwamba mti wote umeharibika, ila mimi nikiuona chini, karibu na kimo cha kifua, hutafuta mti mwingine, kwa sababu shina lililooza katikati halianguki pale unapolielekeza. Ligonge kwa mgongo wa shoka: lililo zima hutoa mlio mkavu wa juu, na lililooza hutoa mlio mzito uliofifia. Shina ambalo limeshaangusha gome lote, likabaki jeupe la kijivu na gumu, ndilo ninalolitafuta.

Hatari kubwa iko juu ya kichwa. Matawi makavu ya mrobinia ni mazito na hukatika ghafla, na mtetemo wa msumeno peke yake unatosha kuyaangusha. Tazama juu kabla ya kuwasha mashine, vaa kofia ngumu, andaa njia ya kurudi nyuma iliyo wazi, wala usikate siku ya upepo. Miti ya kichakani huwa imeshikana matawi au imefungwa pamoja na mimea inayotambaa, hivyo mmoja unaweza kuning'inia kwa jirani yake badala ya kufika chini. Ulio karibu na nyaya za umeme, au ulioinama sana, waachie wenye kazi yao.

Mbao hii hufanya mnyororo kuwa butu upesi, hasa ikiwa kavu, basi beba tupa, na unoe mara tu unapoona msumeno unatoa unga badala ya vipande vidogo. Glavu nene za ngozi ni za lazima, kwani jeraha la mwiba wake huuma na kuvimba kuliko linavyotazamiwa, na miiba iliyosambaa chini hutoboa matairi ya toroli na ya gari. Magogo yaliyonyooka na yasiyo na mafundo huyaweka kando. Kuyachoma ni ufujaji, kwani yanafaa kuwa nguzo. Yaliyobaki yachanje mapema. Yakiwa mabichi hupasuka vizuri kwa shoka zito, na siku za baridi kali hupasuka vizuri zaidi, lakini yakikauka kwanza, hasa yenye mafundo, utalazimika kutumia kabari na nyundo.

Utasikia watu wakisema kwamba mrobinia uliokufa ukiwa umesimama unaweza kukatwa asubuhi na kuchomwa jioni. Sikubaliani nao. Ni kweli kwamba mti huu, hata ukiwa mbichi, una maji machache kuliko miti mingi ya majani mapana, lakini mbao nzito hutoa maji yake polepole, na katika mti uliokufa sehemu ya chini huweza kuwa na unyevu mwingi wakati matawi ya juu yamekauka kabisa. Chukua kipande kutoka chini, kipasue, na upime upande wa ndani uliotoka kupasuliwa. Kipimo kikizidi asilimia 20, zipange kuni mahali penye upepo, zikiwa zimeinuliwa kutoka ardhini na kufunikwa juu tu. Kwa miti niliyoikata ikiwa hai, huwa sizigusi kuni zake kabla ya mwaka kupita, na vipande vinene nahesabu miaka miwili.

Ukikauka, mrobinia hukaribia kilo 770 kwa kila mita ya ujazo, ilhali msonobari mweupe wa mashariki mwa Marekani haufiki hata kilo 450, na tofauti hiyo utaiona ndani ya jiko. Ubaya wake ni uvivu wa kushika moto, hivyo koka kwa vijiti vya msonobari au mti mwingine mwepesi, acha pawe na makaa, kisha weka vipande viwili au vitatu vya mrobinia. Usilijaze jiko. Joto lake ni kali na la muda mrefu, na kulijaza kisha kubana hewa ili lisizidi hutoa moshi unaoganda ndani ya dohani. Mimi huzihifadhi kuni hizi kwa usiku wa baridi kali, na jioni za kawaida hutumia kuni nyepesi.

Kuhusu kisiki, zungumza na mwenye shamba kabla hujaondoka. Mti uliokatwa ukiwa hai huchipua upya kwenye kisiki na mizizini, na kuukata mara moja huongeza tu wingi wa machipukizi yenye miiba. Anayetaka kuni tena baadaye aache mawili au matatu yaliyonyooka kwenye kila kisiki na kuondoa mengine. Asiyeutaka tena itabidi afyeke kila yanapotokea, kwa miaka kadhaa mfululizo.