Prius inasema betri iko kwenye barafu

SWALI: Habari zenu mafundi. Nina Prius ya 2010, gari la haibridi (petroli na umeme). Pembetatu nyekundu imewaka kwenye dashibodi, na feni ya nyuma inavuma hata alfajiri. Skana (kifaa cha kusoma hitilafu za gari) inatoa msimbo P0A9E. Garaji moja inasema betri kubwa imekufa, ninunue nyingine. Ni kweli? – Msomaji, Kamalondo, Lubumbashi

JIBU: Usitoe pesa bado. P0A9E maana yake volteji kwenye saketi ya sensa ya joto la betri imepanda kupita kiasi. Kuhusu uzima wa betri yenyewe, msimbo huo hausemi kitu.

Ukinzani wa sensa hiyo hupanda inapopoa. Waya ukikatika, kompyuta ya betri hudhani ni baridi kali. Basi acha gari lilale usiku kucha, halafu asubuhi usome kwenye skana joto la sensa zote tatu za betri. Zikiwa nzima zitakaribiana, tofauti nyuzi chache tu. Moja ikionyesha nyuzi 40 chini ya sifuri, huo ni waya, soketi au sensa. Hata Julai Lubumbashi haifiki huko.

Kabla ya kufungua betri, zima gari, weka ufunguo mbali, ondoa waya hasi wa betri ya volti 12, vaa glavu za umeme za volti 1000, kisha chomoa plagi ya usalama ya rangi ya chungwa na uiweke mfukoni. Ngoja dakika 10. Hata hapo moduli 28, yaani vipande vinavyounda betri, bado zina umeme wake (zikiungana ni volti 201.6), kwa hiyo fundi asiyejua haibridi asiguse.

Chomoa soketi ya sensa kwenye kompyuta ya betri, upime omu (ukinzani) za kila sensa. Zikiwa kwenye joto moja, zote tatu zitoe namba zinazokaribiana. Isiyosoma kabisa imekatika. Inayorukaruka ukitikisa waya, tafuta ulipochubuka. Zote zikiwa sawa, kagua pini: kutu ya kijani ni kawaida pale moduli ilipovuja.

Waya uunge kwa risasi ya kulehemu na mpira wa kusinyaa kwa joto. Kuusokota kwa vidole tu huongeza ukinzani, na betri itaonekana baridi kuliko ilivyo. Oktoba, wakati wa joto kali, hilo ni hatari. Sensa yenyewe ikifa, kwa kawaida hubadilishwa pamoja na nyaya zake, na hata ya mtumba inatosha mradi upime kwanza. Irudishe ikigusa mwili wa moduli, maana ikining'inia itapima hewa na msimbo utageuka kuwa P0A9C (kipimo cha sensa hakiendani na hali halisi).

Feni inavuma kwa kuwa kompyuta haiiamini sensa. Ila ukiwa umefika huko, itoe uisafishe: vumbi jekundu la kiangazi hujaa kwenye mapezi yake.

Plagi ya chungwa irudishwe mpaka mkono wake ujifunge kabisa, la sivyo gari haliwaki. Kisha futa misimbo.