Mwenye duka dogo na mchango wa SHA

SWALI: Ninauza mboga Kongowea, Mombasa, nina watoto watatu. Nimejisajili SHA, yaani mamlaka ya bima ya afya ya serikali ya Kenya, nikaambiwa nilipe shilingi 9,000 za mwaka, zote kwa mpigo. Mtoto akiugua kesho nifanye nini? Na mbona nimekadiriwa juu hivi?

JIBU: Tuanze na mtoto. Homa, kuhara au kifua, mpeleke dispensari au kituo cha afya cha serikali, yaani ngazi ya 2 au ya 3. Huko gharama hubebwa na Mfuko wa Afya ya Msingi, ambao ni pesa za kodi. Kinachotakiwa ni awe amesajiliwa, hata kama hujalipa mchango. Wengi huiruka dispensari wakaenda moja kwa moja hospitali ya kaunti, na huko asiyelipa mchango wa mwaka hutozwa taslimu. Piga *147# uhakikishe watoto wote watatu wako chini ya jina lako.

Sasa zile 9,000. Kiwango ni asilimia 2.75 ya kipato, kisipungue 300 kwa mwezi. Aliyeajiriwa hukatwa kwenye mshahara. Wewe huna payslip, kwa hiyo kipato chako kinakisiwa kutokana na maswali: paa ni la nini, sakafu, choo, maji, unapikia nini. Gawanya 9,000 kwa 12 upate 750. Maana yake umekadiriwa kupata karibu 27,000 kwa mwezi. Kasoro iko hapa. Mpangaji wa chumba chenye taili huonekana ana uwezo, ilhali taili ni za mwenye nyumba. Choo cha ploti nzima kikiandikwa kuwa chako peke yako, vivyo hivyo. Pitia majibu yako moja moja, kisha nenda ofisi ya SHA au dawati lake Huduma Centre uombe kukadiriwa upya.

Kwa haki, sehemu moja ya sheria ya SHA ni nzuri mno: chini ya NHIF, bima iliyotangulia SHA, tajiri hakuvuka 1,700 kwa mwezi, leo hana kikomo. Lakini mchuuzi alilipa 500 kila mwezi. Sasa hata kiwango cha chini ni 3,600 kwa mara moja, nao ndio mtaji wake wa mboga. Malipo ya kila mwezi yarudishwe. Na kwa asiyeweza kabisa, sheria yenyewe inaitaka serikali imlipie, kwa hiyo mhudumu wa afya wa mtaa wako akija, mweleze hali yako bila haya.